Chuo kilichoanza kama shule ya ufundi hufundisha ufundi tu?

Wengi huamini kwamba chuo cha jamii (chuo cha umma, kwa kawaida cha masomo ya miaka 2) cha vijijini Marekani, kama kilianza kwa shule ya ufundi, hadi leo hutoa mafundi tu, na masomo yake hayahesabiki chuo kikuu.

Dhana hiyo haikuzuka hewani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1963 iliongeza fedha za elimu ya ufundi, zikiwemo za majengo, na shule nyingi zilianza na karakana za kuchomelea vyuma na magari. Ila hazikukwama hapo. Jimbo la North Carolina, mwaka huohuo, iliweka vituo vya mafunzo ya viwandani na vyuo vya jamii chini ya mfumo mmoja. Hatua kwa hatua yakaingia masomo ya hisabati na historia, kisha stashahada ya miaka 2. Karakana nazo zimebaki.

Kuhakiki ni rahisi. Tazama ithibati (utambuzi rasmi wa ubora wa chuo) kwenye orodha ya serikali, si kwenye bango la chuo. Kisha kiulize chuo kikuu unachokwenda, si unachotoka: kozi hii, yenye namba hii, mnaipokea? Jibu liwe la maandishi, maana kozi za kuchomelea mara nyingi kweli hazihamishiki.