Je, wajua kwa nini seva tatu za kasi hukwamishwa na kebo moja?

Tuseme ofisi ya watu thelathini pale Mtumba imenunua seva tatu zenye diski za NVMe (aina ya diski za kasi sana), na programu ya Ceph inaziunganisha ziwe hifadhi moja. Swichi iliyopo, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ni ya gigabiti 1 kwa sekunde. Hesabu inayopigwa: watu thelathini, mafaili ya Word na Excel, itatosha.

Hapo wamehesabiwa watu tu. Wanaoijaza kebo kwelikweli ni seva zenyewe kwa zenyewe.

Chukua maghala matatu ya mahindi Kibaigwa yanayotunza daftari moja kwa nakala tatu. Mkulima akishusha magunia, karani wa ghala la kwanza anaandika, anatuma bodaboda mbili kwenye maghala mengine, na hatoi risiti mpaka zote mbili zirudi na jibu kwamba imeandikwa. Karani awe na mkono mwepesi kiasi gani, risiti inatoka kwa kasi ya bodaboda iliyochelewa zaidi. Ceph yenye nakala tatu hufanya hivyo kwa kila kipande cha data: seva ikipokea megabaiti 100, inawatumia wenzake 200.

Sasa namba. Biti 8 ni baiti 1, hivyo gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125, na zinazopita kweli ni kama 110. Gawanya kwa nakala mbili zinazotoka: megabaiti 55 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ya zamani inaandika zaidi ya hapo! (Ceph hugawa zamu ya kupokea kati ya seva, kwa hiyo jumla ya seva zote tatu huwa juu ya hapo.)

Kasheshe ni siku diski inapokufa. Terabaiti 4 zilizojaa hurudi kwenye diski mpya kupitia kebo hiyohiyo: saa 10 kwa uchache, huku watumiaji wakigombea njia. Kwa gigabiti 10 ni kama saa 1, diski zikimudu.

Kufunga kebo mbili za gigabiti 1 pamoja husaidia nusunusu, maana mazungumzo mamoja hubaki kwenye kebo moja.

Ukishapata swichi ya gigabiti 10, pima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kabla ya kuweka data. Ukipandisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa baiti) kutoka 1500 ya kawaida hadi 9000, jaribu pia amri ya `ping -M do -s 8972`, inayotuma pakiti kubwa bila kuikata, kati ya seva zote (baiti 28 zilizobaki ni za vichwa vya pakiti). Porti moja ya swichi ikisahaulika kwenye 1500, ping ya kawaida itapita vizuri kabisa, na Ceph itaganda.