Uzamili wa historia ya sanaa: ukitaka kuandika juu ya milango ya Unguja

Anayetaka kusoma uzamili wa historia ya sanaa kwa kawaida huanza kutafuta chuo. Ushauri wangu ni kuanza na kitu atakachokiandikia tasnifu, maana hicho ndicho kitakachoamua chuo, muda na hata lugha ya kujifunza. Nitachukua milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Ni mada inayopendwa, na inaharibiwa kwa makosa yaleyale kila mara.

Kwanza muda. Uingereza uzamili huu huchukua miezi 12, krediti 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Masomo huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo nafasi halisi ya kwenda uwandani ni miezi michache baada ya mitihani. Kibali cha utafiti kikichelewa wiki nne tu, utaandika tasnifu ya milango ukitazama picha za wengine. Ujerumani ni miaka miwili, krediti 120 za Ulaya, na vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo (jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula). Kwa mada inayohitaji kwenda kupima kitu kwa mikono yako, miaka miwili naiona bora, ilimradi Kijerumani kisikushinde, maana kozi nyingi za fani hii hufundishwa kwa lugha hiyo. Wanaofundisha sanaa ya Afrika kwa uzito ni wachache: Freie Universität mjini Berlin, SOAS (chuo cha masomo ya Asia na Afrika) mjini London, na Sainsbury Research Unit, kitengo cha utafiti cha chuo kikuu cha East Anglia, ni baadhi yao. Tafuta msimamizi anayejua kuchunguza vitu vyenyewe, hata kama hajui pwani ya Waswahili.

Katika pendekezo la utafiti, sentensi kama “nitachunguza sanaa ya Waswahili” haimwambii msomaji lolote. “Nitalinganisha vizingiti vya juu vya mstatili na vya tao katika milango 20 ya Shangani na Kiponda”, mitaa miwili ya Mji Mkongwe, inamwambia kwamba unajua utasimama wapi na utatazama nini. Milango 20 inatosha kabisa kwa tasnifu ya maneno 12,000 hadi 15,000. Anayeahidi 200 huishia na orodha.

Vibali viombwe mapema. Tanzania Bara hutolewa na COSTECH na Kenya na NACOSTI, tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na Zanzibar ina utaratibu wake wenyewe. Kibali cha Bara usikitegemee ukishavuka bahari. Juu ya hayo yote kuna mwenye nyumba. Mlango ni wa watu wanaoishi ndani, na karatasi ya serikali haikuondolei wajibu wa kupiga hodi.

Sasa kazi yenyewe. Eleza mlango mzima kabla ya nakshi zake: miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini, vipande viwili vinavyofunguka, na mfaa, yaani ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye kipande kimojawapo. Andika mbao ni za nini kama una uhakika. Msaji uliletwa kutoka ng'ambo, mfenesi unapatikana hapahapa, na rangi ya mafuta iliyopakwa mara nyingi huficha tofauti. Usibahatishe, andika “mbao ngumu, haijatambuliwa” uendelee. Pima kimo, upana, upana wa mfaa, na kina cha mchongo kwa milimita katika sehemu tatu ambazo hazijalika.

Picha ndizo zinazowaangusha wengi. Vichochoro ni vyembamba, mtu hawezi kurudi nyuma, basi anatumia lenzi pana ya simu na miimo inapinda kama upinde. Piga vipande vipande ukiwa umeielekea mbao sawasawa, kila picha ikiingiliana na jirani yake kwa theluthi moja, kisha uviunganishe kwa programu. Rula iwe ndani ya picha. Mwanga wa mbele unafuta mchongo. Mwanga wa ubavuni, wa asubuhi au wa tochi, ndio unaoonyesha alama za patasi.

Tazama pia yasiyopendeza: mashimo ya misumari isiyokuwepo tena, nakshi iliyokatwa ghafla ukingoni, mwimo ulioongezewa kipande chini. Hizo ni dalili kwamba mlango ulitolewa nyumba nyingine ukapunguzwa au kurefushwa utoshee. Milango huhama. Kwa hiyo umri wa nyumba si umri wa mlango.

Tarehe iliyochongwa kwenye kizingiti ni bahati, lakini isomwe kwa uangalifu. Mwaka 1299 wa Hijria ulianza Novemba 1881 ukaisha Novemba 1882, kwa hiyo andika 1881/82, usichague mmoja. Pasipo tarehe, mtindo peke yake hautoshi. Ni kweli kwamba kizingiti cha tao na maua yaliyojaa yanahusishwa na mafundi na ladha ya Kihindi ya mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa Sultani Barghash na baada yake. Lakini fundi aweza kuchonga mtindo wa babu yake leo, na wapo wanaofanya hivyo kwa ajili ya hoteli. Linganisha na picha za zamani: mkusanyo wa Winterton wa chuo kikuu cha Northwestern una maelfu ya picha za Afrika Mashariki mtandaoni, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar zipo Kilimani, Unguja.

Halafu kuna maana za nakshi. Mnyororo ni utumwa, samaki ni uzazi, mtende ni neema: utayasikia kwa kila anayetembeza watalii. Swali la mwanahistoria ni moja tu: nani alisema, lini, na alijuaje? Kama ushahidi wa mwanzo ni makala ya mgeni wa karne ya 20, basi hiyo ni historia ya fasiri, si ya mchongaji. Njumu za shaba, yaani vile vichwa vilivyochomoza vilivyopigiliwa mlangoni, nazo huelezwa kuwa ni za kuzuia tembo, jambo lililosimuliwa India. Shangani sijui tembo gani angepita.

Mwisho, haki za picha. The Met, makumbusho ya sanaa ya New York, imeachia huru picha zake za kazi zisizo na hakimiliki tangu 2017, na British Museum huruhusu matumizi yasiyo ya biashara, ila jarida likitaka kuchapisha utaanza maombi upya. Kwa picha zako mwenyewe, mwenye nyumba aseme kwa maandishi kama zinaweza kuchapishwa. Tasnifu nyingi huishia mtandaoni, na mlango wa zamani wenye namba kamili ya nyumba humrahisishia kazi mnunuzi wa milango ya kale. Tumia namba zako za utafiti na jina la mtaa. Anwani kamili ibaki kwenye daftari lako na kwa msimamizi.