Usharika na umaskini uliokithiri: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wakati wa mavuno, nje ya sharika nyingi za Kilutheri za Kilimanjaro na Meru, ibada ikiisha hakuna anayeharakisha kwenda nyumbani. Mkungu wa ndizi unawekwa mezani, mzee wa kanisa anataja bei ya kuanzia, na mama mmoja anaununua kwa fedha ambazo sokoni zingempatia mikungu miwili. Kisha anasema, "Rudisheni mnadani," nao unauzwa upya. Mkungu mmoja unaweza kununuliwa mara tatu kabla haujaondoka pale.

Nimeanza na mkungu huo kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu makanisa na umaskini uliokithiri, yawe ya kusifu au ya kubeza, huuacha nje kabisa. Usharika huonwa kama kapu: ukiwa Ulaya au Marekani ni la kutolea, ukiwa kwetu ni la kupokelea. Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati za kanisa nimeona kwamba nguvu ya usharika haimo kapuni. Imo katika watu wanaokutana kila wiki, wanaojuana kwa majina na kwa shida zao, na ambao bado wapo mahali pale mradi unapofungwa na gari lake kuondoka.

"Maskini tutakuwa nao siku zote"

Maneno ya Yesu katika Mathayo 26:11 hutajwa mara nyingi kana kwamba ni ruhusa ya kukaa kimya. Wanaoyataja hivyo husahau kwamba yanatoka katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, ambako kauli kwamba maskini hawatakoma katika nchi inafuatwa papo hapo na amri ya kumfungulia mkono ndugu aliye mhitaji, na ambako sura yenyewe inaanza kwa agizo la kufuta madeni kila mwaka wa saba.

Hesabu nazo zinakataa dhana hiyo. Kwa kipimo cha Benki ya Dunia cha dola 2.15 kwa siku, kilichorekebishwa kulingana na bei za kila nchi, watu wapatao bilioni 2 waliishi katika umaskini uliokithiri mwaka 1990. Kufikia mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 700, ingawa idadi ya watu wote duniani ilikuwa imeongezeka sana. Juni 2025 benki hiyo ilipandisha kipimo hadi dola 3, na kwa kipimo hicho kipya wanahesabiwa watu wapatao milioni 800. Ni haki kukiri kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na kukua kwa uchumi wa China na nchi nyingine za Asia, wala haikuletwa na makanisa. Lakini wengi wa waliobaki wako Afrika kusini mwa Sahara, katika vijiji ambavyo kanisa hujaa kila Jumapili.

"Kanisa litoe sadaka, madeni na bajeti liwaachie wanasiasa"

Hii ndiyo dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote, nayo inastahili kujibiwa kwa kirefu.

Katika miaka ya 1990, Waingereza wawili waliostaafu, mhadhiri wa chuo kikuu Martin Dent na mwanadiplomasia Bill Peters, walichukua wazo la mwaka wa yubile kutoka Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka wa hamsini ambao mashamba yalirudishwa kwa wenyewe na watumwa wakaachwa huru, wakalielekeza kwenye madeni ya nchi maskini. Papa Yohane Paulo II naye alikuwa ameandika mwaka 1994 kwamba jubilei ya mwaka 2000 iwe wakati wa kupunguza, kama si kufuta kabisa, madeni hayo. Kampeni iliyozaliwa, Jubilee 2000, ilienezwa kwa sehemu kubwa na parokia, vikundi vya Umoja wa Akina Mama wa Kianglikana na mashirika ya makanisa kama Christian Aid, CAFOD na Tearfund. Tarehe 16 Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka moyo wa jiji la Birmingham, ambako viongozi wa nchi nane tajiri walikuwa na mkutano wao. Wengi walifika kwa mabasi yaliyokodiwa na makanisa yao. Mwaka uliofuata viongozi wa nchi hizo walikutana Cologne, Ujerumani, wakakubali kupanua mpango wa msamaha wa madeni. Hati za maombi zilizokusanywa na kampeni hiyo duniani kote zilifikia saini milioni 24.

Sauti hiyo haikuwa ya Wazungu peke yao. Askofu Mkuu Njongonkulu Ndungane wa Cape Town alikuwa miongoni mwa waliolisemea jambo hilo kwa nguvu, na miaka mingi kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ameshauliza kama ni lazima tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni.

Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango huo Novemba 2001 na kupata msamaha wa takriban dola bilioni 3, uliosambazwa katika miaka ya malipo iliyokuwa mbele. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 6.5 kufikia mwaka 2003. Uamuzi wa kufuta ada ulikuwa wa serikali, na wapo Watanzania wengi walioupigania hapa nyumbani. Tena madarasa yalifurika kuliko walimu walivyoweza kumudu, na madeni ya nchi yamepanda tena tangu hapo. Hata hivyo, hakuna kapu la sadaka ambalo lingeweza kulipa ada ya watoto milioni mbili. Muumini aliyepanda basi kwenda Birmingham akiwa na chakula chake kwenye mfuko alifanya kazi ya kanisa sawasawa na yule aliyetia bahasha kapuni.

Nchini Marekani dhana hii ina sura yake. Katika kura za maoni, raia wa huko hukisia kwa wastani kwamba takriban robo ya bajeti ya taifa lao huenda kwenye misaada ya nje, ilhali kwa miaka mingi imekuwa karibu asilimia moja tu. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, uliungwa mkono na makanisa mengi ya kiinjili, na unatajwa kuwa umeokoa maisha ya watu wapatao milioni 25. Sharika ambazo ziliwaandikia wabunge wao barua wakati ule zilifanya jambo ambalo michango yao ya mwaka mzima isingeweza kulikaribia.

"Kontena la vitu ni msaada usio na hasara"

Nia ya sharika za ng'ambo zinazotutumia makontena ya vifaa na nguo huwa njema, na hilo silitilii shaka. Lakini mashine ya hospitali iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani haiwezi kuchomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 bila kibadilishi, na ikiharibika hakuna vipuri wala fundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokagua vifaa vya hospitali zaidi ya laki moja katika nchi 16 zenye rasilimali chache, ulikuta asilimia 38 havifanyi kazi. Kuhusu nguo, mchumi Garth Frazer alikadiria mwaka 2008 kwamba mitumba ilichangia takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa mavazi barani Afrika kati ya mwaka 1981 na 2000. Usharika rafiki unaotaka kusaidia zahanati na uanze kwa kumuuliza mganga mfawidhi anahitaji nini, na ukubali jibu hata likiwa ni mshahara wa muuguzi, kitu kisichopigwa picha vizuri.

"Kumfadhili mtoto mmoja ni kujifariji tu"

Hapa ukweli unawaelemea wanaobeza. Mwaka 2013 Bruce Wydick na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, ukilinganisha waliofadhiliwa na shirika la Compassion, linalofanya kazi kupitia makanisa ya mahali, na wenzao wasiofadhiliwa. Waliofadhiliwa walisoma mwaka mmoja hadi mmoja na nusu zaidi. Watafiti hao walihisi pia kwamba matumaini ya mtoto yana nafasi yake, na aliyewahi kumwona mtoto wa darasa la tatu akimwandikia mfadhili barua, akichora nyumba na ng'ombe pembeni ya karatasi na kuuliza kama kule kuna mvua, hatashangaa. Swali linalobaki ni la yule jirani aliyekaa dawati moja naye na hakuchaguliwa. Usharika unaosimamia kituo cha watoto wanaofadhiliwa hauwezi kulikwepa swali hilo.

"Maskini ukimpa fedha mkononi atazinywa"

Ni kwa dhana hii kwamba kamati nyingi za diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, hutoa unga na sabuni badala ya fedha. Wachumi David Evans na Anna Popova walikusanya matokeo ya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wasione ushahidi kwamba fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kaya zilizopewa fedha bila masharti zilikula vizuri zaidi na kuongeza mifugo, bila kuongeza unywaji. Mjane anajua kama anahitaji unga au bati la paa. Kumwamulia ni kumvunjia heshima.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kuahidi kwamba mikopo midogo itamtoa kila mtu kwenye umaskini. Tafiti sita kutoka nchi sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015 zilikuta faida ya kiasi tu. Mafundisho ya "panda mbegu", yanayomtaka mwenye dhiki atoe akiba yake ya mwisho ili apokee mara mia, sioni njia ya kuyatetea: yanahamisha fedha kutoka kwa maskini, kisha yanamlaumu kwa imani haba.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni kitu kingine, kwa sababu fedha ni za wanachama wenyewe. Siku ya mkutano, baada ya ibada, sanduku la chuma linaletwa katikati ya duara. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, kwa hiyo halifunguki mmoja wao asipokuwapo. Hisa zinanunuliwa, mihuri inagongwa kwenye vitabu vya wanachama, fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, kisha kila mtu anatamka kiasi kilichobaki ili asiyejua kusoma naye akitunze kichwani. Mfuko wa jamii hukaa kando kwa ajili ya msiba na ugonjwa, ili mwanachama asilazimike kumuuza mbuzi wake kwa bei ya hasara usiku mtoto anapozidiwa. Kikoba huvunjwa Desemba, na kila mmoja huondoka na chake, kwa kuwa Januari sare na madaftari havisubiri.