Mara moja kwa wiki nayo ni judo

Ujumbe umeingia tena jana usiku. Safari hii ni mwanafunzi wangu wa judo mwenye mkanda wa kahawia, ngazi moja kabla ya mweusi, baba wa mtoto wa miezi minne. "Mwalimu, samahani. Siku nne kwa wiki sitaziweza tena, na sipendi kuwa mtu wa kubabaisha. Nitarudi mtoto akikua."

Simu yangu imejaa jumbe za namna hii. Walioziandika nawakumbuka wote, mpaka mbinu aliyoipenda kila mmoja. Waliorudi kweli nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kinabaki. Mtoto akikua hupata mdogo wake, au goti la baba linaanza kulalamika, au baba mwenyewe anagundua kuwa kulala Jumamosi asubuhi ni kutamu. Kwa hiyo leo najibu hapa, mara moja, ili mwingine akiniandikia nimtumie kiungo nirudi kupanga mikeka.

Imani yenyewe ni kwamba judo ina kizingiti: chini ya siku nne unacheza tu, na mwenye heshima zake aache kabisa kuliko kuja nusunusu. Aliyeianzisha simjui. Wanaoieneza nawajua: vijana wa miaka 22 wasiolea mtu, na makocha tuliowahi kuwa vijana hao. Nami nimo. Miaka ya nyuma nilimwambia mtu mzima, aliyefika amechelewa na mfuko wa nepi begani, kwamba dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, si mahali pa watalii. Aliinama kwenye tatami, mikeka ya kuangukia, akaondoka kwa adabu, na sikumwona tena. Kila nikikumbuka ule mfuko nasikia aibu.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko watu huchota visingizio vyenye sura ya sayansi. Ukiacha kabisa, pumzi ndiyo hutangulia kuondoka. Wiki mbili tu na randori ya tatu, yaani pambano la mazoezi, inakuumbua. Nguvu za misuli huvumilia zaidi, wiki tatu au nne bila tofauti ya kutisha. Mbinu hukaa miaka. Nimemwona mtu akirudi baada ya miaka tisa, tumbo limemtangulia mlangoni, na osoto gari yake, mbinu ya kuangusha kwa kufyeka mguu, ikafika kabla yangu.

Lakini wewe huulizi habari za kuacha. Unauliza habari za kupunguza, na hayo ni mambo mawili. Mtafiti Mmarekani Robert Hickson, katika miaka ya 1980, aliwafanyisha watu mazoezi ya kukimbia na baiskeli siku 6 kwa wiki kwa muda wa wiki 10, kisha akawapunguzia kwa wiki 15. Waliobakishiwa siku 4, na hata waliobakishiwa siku 2, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukushuka, mradi siku hizo walijituma kwa makali yaleyale. Wengine alipunguza dakika, kutoka 40 hadi 26 au 13. Nao uwezo huo waliushika, ingawa wale wa dakika 13 walichoka mapema kwenye kazi ndefu. Walioporomoka ni wale ambao siku na dakika zilibaki zilezile ila makali yakapunguzwa.

Sasa tazama mnavyofanya ninyi. Mtu akibanwa na mambo ya nyumbani anapunguza siku, sawa, halafu hiyo moja aliyobaki nayo ananiambia, "Leo taratibu tu, mwalimu." Amepunguza vyote viwili! Mwenye siku tano ndiye mwenye haki ya kuwa na siku ya taratibu. Wewe mwenye Jumatano peke yake, Jumatano ndiyo siku yako ya kutoka jasho. Punguza siku, makali yaache palepale.

Kwa haki nikiri: wale wa Hickson walikuwa juu ya baiskeli au wakikimbia, hakuna aliyekuwa ameshikwa ukosi na mtu wa kilo 90. Na wiki 15 si miaka mitatu ya kulea. Sidhani kwamba kwa siku moja kwa wiki utapanda sana. Nadhani utabaki ulipo, na ukiwa na akili utapanda polepole. Mkanda mweusi utachelewa. Kama unalenga timu ya taifa, funga ukurasa huu, nenda ukafanye siku zako sita.

Kuna jambo moja linalopindua haya yote, nalo ni usingizi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mkono na jicho lake hufanya kazi kama za mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Nchi nyingi hapo ndipo zinapomkataza mtu kushika usukani. Mtoto akikuamsha saa nane usiku na hukulala tena, ikifika saa moja jioni unafunga mkanda, saa zako 17 zimetimia. Mimi mlevi simruhusu kwenye tatami. Kwa nini nikuruhusu wewe?

Na tatizo halipo kwako peke yako. Ukemi yako, namna ya kuanguka bila kuumia, inachelewa kidogo tu, na bega limekwenda. Lakini pia unayemrusha anategemea uishike mikono yake mpaka afike chini, na mtu asiyelala huachia. Majeraha mawili mabaya zaidi niliyoyashuhudia hayakuletwa na mabingwa wakali. Yaliletwa na watu wema waliochoka ambao hawakutaka "kupoteza" siku yao. Siku ya namna hiyo njoo, lakini fanya newaza (mieleka ya chini) ya polepole, uchikomi (kurudia kuingia mbinu bila kurusha), kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa). Au kaa pembeni utazame kwa makini. Wajapani wanaiita mitori geiko, kujifunza kwa macho, na wala si adhabu. Makali utayaleta Jumatano ijayo, mtoto akipenda.

Sasa wapenda milima na michezo ya nje. Hawa wana imani yao ndogo iliyozaliwa na ile kubwa: "Wiki hii sikuja, lakini Jumapili nilipanda mlima, si imefidia?" Haijafidia. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe hupanda. Nasema mwili hauna madaftari mawili, moja la judo na moja la starehe. Lipo moja, na kila kitu huandikwa humo, pamoja na kumbeba mtoto mgongoni njia nzima.

Kupanda mlima hukupa pumzi. Kushuka ndiko hukunyang'anya mapaja. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi huku ikivutwa na kurefuka, kama mtu anayeachia kamba nzito kidogokidogo. Kazi ya namna hiyo huichana nyuzi zake kwa ndani kuliko kazi ya kupandia. Maumivu hayaji palepale, hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Piga hesabu: umeshuka Jumapili alasiri, Jumatatu ukapumzika kama mtu mwenye busara, Jumanne ukaja randori ukijiona mpya. Kumbe Jumanne ndiyo siku mbaya kuliko zote! Unachuchumaa kwa seoi nage, kumrusha mtu kupitia mgongoni, paja linakataa, na mgongoni una mtu mzima. Maumivu ni kitu kidogo. Kinachonitisha ni kwamba nguvu za paja zimepungua kweli, na goti limebaki bila mlinzi.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu wa tahadhari hawautaji. Misuli ikishapitia mteremko mmoja, hujikinga na mteremko unaofuata kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana anayepanda kila wiki namkaribisha Jumanne bila wasiwasi, na anayepanda mara moja kwa miezi miwili namwambia aje Alhamisi. Ni mlima uleule, ni mbinu ileile, majibu tofauti. Wakisikia hivi wananiona nina upendeleo.

Baiskeli haina ugomvi na judo: inakupa pumzi na haikuumizi mapaja kwa namna ile. Kuogelea ni dawa. Kuvua samaki kwa ndoano, wavuvi ndio wanafunzi wangu watulivu kuliko wote, hawakimbilii kurusha.

Kukwea miamba ndiko kunakonikosesha amani. Watu huona kukwea na judo vinakamilishana, eti mikono itakuwa ya chuma. Angalia vinachofanya: kushika, kushika, kushika. Vidole vilevile, misuli ileile ya kigasha, kano zilezile za kiwiko. Hapo hukuongeza kitu kipya kwenye wiki yako, umefanya kumikata, kugombania mshiko, mara mbili zaidi kwa jina lingine. Misuli ya kigasha hukomaa kwa wiki, kano zinataka miezi, kwa hiyo mtu hujisikia mwenye nguvu wakati ule ule ambao kiwiko kinaharibika. Ukikwea Jumamosi, darasa linalofuata fanya ashi waza, mbinu za miguu, na usishindane na mtu kwa mshiko. Hilo nimewaeleza wakwea miamba watatu. Wote watatu sasa wanafunga bendeji za viwiko.

Mtu hupenda kunijibu kwa mababu: "Wazee wa zamani waliishi dojo." Akina nani? Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 kwenye mikeka 12 ndani ya hekalu, na wanafunzi 9, huku ana kazi yake ya ualimu wa shule. Seiryoku zenyo, matumizi bora ya nguvu, ni maneno yake. Tumeyatundika ukutani, chini yake tunamdharau mama aliyekuja mara moja kwa wiki. Funakoshi Gichin wa karate, aliyezaliwa 1868, alifundisha watoto mchana na kujifunza kwa mwalimu wake Azato usiku. Jina lake la kuandikia, Shoto, lina maana ya sauti ya upepo kwenye misonobari, kwa sababu alipenda kutembea vilimani karibu na Shuri, kisiwani Okinawa. Shotokan, mtindo unaofanywa leo na watu wengi mno duniani, umepewa jina la matembezi ya mtu jioni.

Ila hadithi hiyo tunaipenda upande mmoja. Mkewe Funakoshi alifuma vitambaa, akalima mboga na kulea watoto. Na Funakoshi mwenyewe aliandika kwamba mkewe akichoka sana hakuomba akandwe. Alitoka nje akafanya kata. Mimi nikisoma hapo husimama. Mwenye ratiba ngumu kuliko wote katika nyumba ile alikuwa nani?

Nyumbani kwangu hesabu ilipigwa kwa kalamu. Darasa la dakika 90 nilikuwa naliita "saa moja na nusu". Mke wangu akaongeza safari ya kwenda na kurudi, kuoga, porojo za mlangoni, kufua gi (sare ya mazoezi), na kukaa na barafu kwenye bega huku wengine wakiosha vyombo. Ilitoka saa nne kasoro. Halafu akasema kitu ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote cha ukocha: kwamba siku ninazokwenda hazimsumbui, kinachomsumbua ni kutojua ninakwenda lini. "Nikipata nafasi nitapitia" ndiyo sentensi inayobomoa nyumba za wanajudo. Siku moja inayojulikana hugharimu kidogo kuliko siku mbili za kushtukiza.

Ufumbuzi wanaoukimbilia wengi ni kuwaleta watoto dojo, wauite muda wa familia. Nilifanya hivyo. Binti yangu nilimvisha gi akiwa na miaka sita, akaacha akiwa na kumi na mmoja. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Pale wewe ni wa kila mtu." Mpaka leo sijui kama nilimpa judo au nilimnyima baba jioni mbili kwa wiki. Siku hizi tunapanda mlima pamoja, na huko hanipi nafasi ya kumfundisha chochote. Anatangulia.

Shaka nyingine niliyo nayo: huenda anayekuja mara moja huumia zaidi kwa kila saa ya randori, kwa sababu mwenzake ni mkali na yeye kichwa chake kinakumbuka mambo ambayo miguu imesahau. Sina ushahidi, nina hisia ya mtu aliyesimama ukingoni miaka mingi. Kwa hiyo hawa nawapangia wenza mimi mwenyewe, randori mbili za kwanza, na wakinung'unika wanung'unike.

Yule wa mkanda wa kahawia nimemwandikia hivi: Jumatano, saa moja jioni, na aniambie mlangoni amelala kwa saa ngapi. Amejibu kwamba Jumatano mama mtoto ana zamu kazini, labda aache tu. Nimemwambia aje na mtoto. Kapu lake litakaa pale kwenye benchi la viatu, mbali na tunapoangukia, na wavuvi wawili wamekwisha kujitolea kulitazama.