Je, wajua? Redio ya wati 25 haifiki mbali mara tano ya redio ya wati 5

Mtu wa Dodoma anayenunua boti ya kuvulia perege bwawani Mtera, au anayemtumia ndugu yake hela ya boti kule Bagamoyo, akifika kwenye redio hukuta aina mbili. Ya mkononi ina wati 5 au 6. Ya kufungwa botini ina wati 25, na bei yake imepanda vilevile. Hesabu inayokuja haraka ni kwamba hii ya pili itasikika mbali mara tano. Haiwi hivyo, na wengi hulipia wati huku wakisahau kitu kinachofikisha sauti.

Redio zote mbili hutumia masafa ya VHF. Chaneli 16, ya wito na dharura, iko megahezi 156.8. Mawimbi haya husafiri karibu moja kwa moja, yakijipinda kidogo tu, ilhali uso wa maji umebinuka kama dunia yenyewe. Boti ikienda mbali vya kutosha, maji yenyewe huziba mawimbi hayo yasiifikie.

Chukua mtu aliye nyuma ya kimoja cha vilima vya mawe vya Dodoma, anammulikia tochi mwenzake wa upande wa pili. Akitia betri mpya, mwanga unakuwa mkali zaidi, lakini mwenzake haoni kitu, kwa sababu kilima kiko palepale. Akipanda juu, hata tochi iliyofifia inaonekana. Wati ni zile betri. Antena iliyoinuliwa juu ndiyo kupanda kilima.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye simu: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita hadi kwenye ukingo, yaani pale maji yanapoanza kuziba. Mvuvi aliyeketi, redio ikiwa mita 1 juu ya maji, anapata kilomita 4. Antena iliyofungwa mlingotini, mita 4 juu, inapata 8. Anayepokea naye ana umbali wake, na hizo mbili hujumlishwa: wawili walioketi, kilomita 8, wawili wenye milingoti, 16. Hapo wati hazijaguswa.

Kimo kinachohesabiwa ni juu ya maji yaliyokuzunguka. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, lakini hilo halimwongezei mvuvi wa pale chochote. Tena hesabu hii ni ya maji matulivu. Mawimbi makubwa ya maji na vilima vya kando hupunguza umbali huo.

Wati zina kazi yake. Ukiita kituo chenye mnara mrefu, ukingo uko mbali sana, na ishara hufika imedhoofika. Hapo 25 husikika pale ambapo 5 zinazama kwenye mikwaruzo. Lakini hata bila ukingo wowote, nguvu mara tano huzidisha umbali mara mbili na kidogo tu.

Kwa boti yenye injini na betri ya volti 12, mimi ningefunga redio ya wati 25 na kutumia hela ya ziada kwenye antena nzuri na mlingoti. Nyingi zina kitufe chekundu cha dharura kinachotuma utambulisho wa chombo, na mahali kilipo kama kimeunganishwa na GPS. Ila betri ikizama, redio hiyo imekufa, kwa hiyo ya mkononi isiyoingia maji ningeivaa mwilini.

Kwa mtumbwi, ya mkononi ndiyo inayowezekana. Unapoita, ishike wima, juu kadiri unavyoweza: kutoka mita 1 hadi 2, kilomita 4 zinakuwa karibu 6. Kabla ya kununua, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni, na hakikisha mtu wa nchi kavu ana redio ya chaneli hizohizo, imewashwa.