Nesi, hivi mimi ni bonge au ndiyo nakua?

Wiki iliyopita niliitwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu hapa Tanga. Nilipouliza nani ana swali, hakunyoosha mkono hata mmoja. Nikapitisha boksi la viatu, kila mtu aandike bila jina. Lilirudi limejaa. Haya ndiyo yaliyojirudia, na majibu nimeyarefusha kidogo maana siku ile kengele ilinikatisha.

Shikamoo nesi. Darasani wananiita bonge. Nitajuaje kama nimezidi kweli?

Marahaba, mwanangu. Kwa kioo hutajua, na kwa kumsikiliza aliyekaa dawati la nyuma ndiyo kabisa. Mtu mzima tunachukua kilo zake, tunagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25 amezidi uzito, ikifika 30 huo ni unene uliokithiri. Kwako wewe wa miaka 14 namba hizo hazifai zilivyo. Msichana akibalehe hujaza nyonga na mapaja, na kuna wavulana wanaonenepa kidogo kabla ya kurefuka ghafla. Kwa hiyo wenye miaka 5 hadi 19 hesabu yao tunaisoma kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani, inayotazama umri na jinsi. Njoo kituoni upimwe, ni dakika chache tu. Wanaokuita bonge niliwasema palepale. Kejeli haimpunguzi mtu kilo, inamfanya ale kwa kujificha.

Bibi anasema unene ni afya. Nikipungua kidogo anauliza naumwa nini. Nani mkweli?

Bibi ana sababu zake. Amekulia wakati ambao mtoto kukonda ilikuwa njaa au maradhi, na kunawiri ilikuwa habari njema. Utapiamlo bado upo, tena wakati mwingine nyumba moja na unene. Ila mafuta yakizidi mwilini, hasa kiunoni, yanaita kisukari, presha na magoti kuuma, mambo tuliyozoea kuyaona kwa wazee. Usibishane naye. Mwombe akupikie kisamvu.

Nakula mara mbili tu kwa siku lakini naongezeka. Kwa nini?

Mwili ni kibubu. Nguvu huingia kwa chakula na kinywaji, hutoka kwa kupumua, moyo kudunda, kufikiri, kutembea, na kwenu ninyi kukua. Inayobaki haipotei, inawekwa akiba ya mafuta. Kijana anahitaji ziada kidogo ya kujengea mifupa na misuli. Tatizo ni ziada kubwa ya kila siku, na mara nyingi imejificha mahali ambapo mtu hahesabu kama amekula.

Nilikuwa nimebeba glasi tupu, kijiko cha chai na sukari. Nikawauliza jana mapumziko mlikunywa nini. Soda! Haya, nikaanza kumimina. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, yaani vijiko tisa. Kijiko cha tano wakaacha kucheka. Cha tisa, binti mmoja wa mbele akashika mdomo. Hizo ni kalori kama 150, na kijana wa kilo 50 atazimaliza kwa kupiga pedeli mwendo wa kawaida karibu nusu saa. Kwa anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, sukari ya kuongezwa isipite gramu 50, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Soda hiyo moja imeshakula sehemu kubwa, na bado chai ya jioni. Tena haishibishi, baada yake utakula vilevile.

Ya pili ni chipsi mayai. Simama pale bandani utazame: viazi vilishakaangwa mapema, vinarudishwa kikaangoni kwenye mafuta mengine, ndipo yai linamwagwa juu na kunyonya yaliyobaki. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari ina 4. Sahani moja jioni inaweza kufidia mlo wote ulioukwepa mchana. Sikukatazi. Ila isiwe kila siku.

Basi niache ugali na wali?

Hapana, na usijinyime chakula, hasa wewe msichana unayeona siku zako. Damu inayotoka inataka madini ya chuma ili irudi. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo ugali, wali au bada, robo samaki, dagaa, maharage au yai. Machungwa ya Muheza tunayo, kula chungwa lenyewe badala ya juisi iliyotiwa sukari. Tui sitalikataza, mimi mwenyewe mtu wa hapa, lakini mchicha hauhitaji tui zito kila siku.

Na zile chai na vidonge vya kukata tumbo?

Usiguse. Vingi vinaharisha tu. Unapoteza maji, mizani inashuka, ukinywa maji inapanda.

Sina hela ya jimu. Nifanyeje?

Nani alikutajia jimu? Mji huu ni wa baiskeli, barabara tambarare, na bado mtu anapanda bodaboda kutoka Ngamiani hadi shule iliyo jirani. Mnahitaji dakika 60 kwa siku za kuhema na kutoka jasho: rede, kamba, mpira, baiskeli, hata kuchota maji. Na mlale saa 8 hadi 10. Anayekesha na simu huamka na njaa ya vitu vitamu.

Mbona wewe nesi ni mnene?

Hili halikuwa na shikamoo. Ni kweli. Nimezaa watatu, nakaa zamu za usiku, na chai yangu ilikuwa vijiko vinne. Sasa ni viwili, na bodaboda nashuka Barabara ya 12, nyumbani nafika kwa miguu. Sketi ya sare imeanza kulegea. Mizani bado inabishana na mimi.