Abasia isiyo ya jimbo lolote

Ukipekua maandishi ya Kikanisa ya huku kusini ya kabla ya 1972, utakuta Ndanda, monasteri ya Wabenediktini, inaitwa abbatia nullius. Wanafunzi wangu wa Kilatini hapa Mtwara hulikamata neno la kwanza upesi: abasia, monasteri inayoongozwa na abate, mkuu wa watawa. La pili huwasumbua. Nullius ni umbo la kumiliki la nullus, yaani "hakuna hata mmoja", basi wanauliza: abasia isiyo ya yeyote?

Hapo kuna nomino iliyoachwa. Msemo kamili ni nullius dioecesis, "isiyo ya jimbo lolote", yaani jimbo la Kanisa linaloongozwa na askofu. Ni lugha ya sheria, na sheria hupenda kufupisha. Maana yake abate hakuongoza watawa wake tu. Aliongoza pia eneo zima na waamini wake, kwa mamlaka yanayokaribia sana yale ya askofu wa jimbo.

Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa kutoka Ujerumani, walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1927 eneo la Kikanisa la Lindi, Ndanda ikiwemo, likapewa hadhi ya abbatia nullius, na mwaka 1931 eneo hilo kubwa mno likagawanywa: Ndanda upande huu, Peramiho upande wa Songea. Ndiyo maana wazee wetu walimwita kiongozi wao Abate Askofu, na mimi naona walilitaja jambo lenyewe vizuri kuliko Kilatini cha mkato.

Neno abate lenyewe lina safari ndefu zaidi. Kilatini abbas kilitoka Kigiriki, nacho Kigiriki kililipokea kutoka Kiaramu: abba, baba. Mtakatifu Benedikto analieleza waziwazi katika sura ya pili ya Kanuni yake, yaani mwongozo wa maisha ya watawa wake, akinukuu Warumi 8:15. Shina lake ni abbat-, ndipo tukapata abate. Katika abbatia, t hiyo imefuatwa na i na irabu nyingine, na matamshi ya Kikanisa huilainisha iwe ts. Kiswahili kikaandika s: abasia. Sauti mbili, shina moja.

Jimbo la Mtwara lilipoundwa mwaka 1972, Ndanda ilibaki monasteri yenye abate wake, bila eneo la kuongoza kama askofu. Mwaka 1976 Papa Paulo VI aliamua abasia zenye eneo la kuongoza zisianzishwe tena ila kwa sababu za pekee kabisa. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 370, haitumii tena nullius, inasema abbatia territorialis, abasia yenye eneo. Einsiedeln kule Uswisi bado ni mojawapo.